Kicheko Kilichosahau Uhabeshi

Kucheka ni silaha ya mnyonge. Mtu asiyeweza kumpinga mkubwa kwa mkono humpinga kwa dhihaka, na aghalabu dhihaka humchoma mkubwa huyo kuliko fimbo. Walakini dhihaka ina upungufu mmoja: huangaza mahali inapoelekezwa tu, na pengine pote huacha giza. Katika insha hii nataka tuipime, msomaji wangu, sinema moja mashuhuri iliyotengenezwa kwa dhihaka, tuone imeangaza nini juu ya siasa za dunia, na imeacha nini gizani. Sinema hiyo ni The Great Dictator, yaani Dikteta Mkuu, kazi ya Charles Chaplin, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Oktoba 1940.

Huenda ukauliza: kwa nini mwanafunzi wa Kenya ajisumbue na mchezo wa zamani wa kuchekesha, uliotengenezwa Marekani juu ya madikteta wa Ulaya? Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi hii ni miongoni mwa chache zilizojaribu kueleza jambo gumu kwa njia nyepesi: jinsi chama chenye siasa kali za mrengo wa kulia kinavyogeuza, si maisha ya nchi yake peke yake, bali na uhusiano wa nchi hiyo na mataifa mengine. Ya pili ni kwamba moto uliowashwa na madikteta wale ulifika mlangoni petu. Ulivuka mpaka wetu wa kaskazini, ukawachukua vijana wetu vitani, na kabla ya hapo ulikwisha kuiunguza nchi ya jirani yetu. Nchi hiyo ni Ethiopia, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Uhabeshi, nami nitaliandama jina hilo la wazee.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Desturi ya kuziita siasa za kulia na za kushoto ilianza Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe waliomtetea mfalme walipokaa upande wa kulia wa mwenyekiti wa bunge, na wale waliotaka mageuzi wakakaa kushoto. Tangu siku hizo mtu wa kulia ni yule apendaye kuhifadhi mambo aliyoyakuta, na hapana aibu katika kupenda hivyo. Kila taifa lina watu wa namna hiyo, nao wana kazi yao. Siasa ninazozisema hapa ni zile zilizovuka mpaka. Hizo hufundisha kwamba taifa moja au watu wa asili moja ni bora kuliko binadamu wengine. Kwamba kiongozi mmoja ndiye sauti ya taifa, na ampingaye ni msaliti. Tena kwamba shida zote za nchi zimeletwa na adui, ambaye ama yumo ndani ya nyumba kama mgeni asiyetakiwa, ama yuko nje kama jirani mwenye kijicho. Kwa mafundisho kama hayo Benito Mussolini alishika serikali ya Italia mwaka 1922, akayaita ufashisti. Adolf Hitler alimfuata Ujerumani mwaka 1933.

Hadithi ya Chaplin si ndefu kuisimulia. Kinyozi mmoja wa Kiyahudi aliumia katika Vita Kuu ya Kwanza, akapoteza kumbukumbu na kukaa hospitali miaka mingi. Anaporudi dukani kwake hajui kwamba nchi yake, Tomania, sasa imo mikononi mwa dikteta aitwaye Adenoid Hynkel, ambaye askari wa chama chake huwapiga Wayahudi na kuyapaka rangi madirisha ya maduka yao. Kinyozi na dikteta wamefanana kama shilingi kwa ya pili, na Chaplin ndiye aliyecheza sehemu zote mbili. Hynkel anataka kuivamia Osterlich, nchi ndogo iliyo jirani. Lakini dikteta mwenziwe, Benzino Napaloni wa nchi ya Bacteria, naye ameweka majeshi katika mpaka wa nchi hiyohiyo. Mwishowe nchi ndogo inavamiwa, kinyozi anadhaniwa kuwa ndiye dikteta, na mbele ya jeshi na umati mkubwa anapandishwa jukwaani ahutubie. Badala ya kuhubiri vita anahubiri utu. Hapana haja ya mfasiri: Tomania ni Ujerumani, Osterlich ni Austria, Hynkel ni Hitler, na Napaloni ni Mussolini.

Sasa tuzitaje sifa za kazi hii, maana mhakiki asiyeona uzuri hastahili kusikilizwa anapoeleza kasoro.

Sifa ya kwanza, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba Chaplin alitambua kuwa siasa ya ndani na siasa ya nje ni vyumba viwili vya nyumba moja. Liko onyesho ambalo ningependa ulitazame zaidi ya mara moja. Hynkel anahitaji fedha za kuivamia Osterlich. Mtu awezaye kumkopesha ni mwenye benki aitwaye Epstein, naye ni Myahudi. Basi dikteta anaamuru Wayahudi waachwe kwa muda. Ghafula askari waliokuwa wakivunja na kutukana wanageuka kuwa waungwana. Msichana wa mtaani, Hannah, anaanguka, na askari walewale wanamwinua na kumwokotea viazi vyake. Wakazi wanatazamana kwa mshangao, wanaanza kuamini kwamba siku njema zimerudi. Kumbe hapana wema uliorudi. Mara Epstein anapokataa kukopesha, hasira ya dikteta inautangulia usiku, na mtaa unashambuliwa upya.

Itafakari hesabu hiyo, msomaji. Watu wale walilala kwa amani siku chache, kisha wakapigwa, na katika hali zote mbili hawakuwa wametenda lolote. Usalama wao ulipimwa katika mizani ya vita ambavyo havijaanza, juu ya nchi ambayo wengi wao hawajaiona. Wako watu wasemao kwamba ukali wa serikali kwa watu wake si shauri la mataifa mengine, maadamu serikali hiyo inakaa vizuri na majirani. Onyesho hili linawajibu. Kwa chama cha namna hii mtu mnyonge wa ndani na taifa nyonge la nje ni kitu kimoja: ni mali ya kutumiwa leo na kutupwa kesho. Aliyezoea kumvunjia jirani wa mtaani dirisha lake hatapata shida kuvunja mpaka wa nchi ya jirani.

Sifa ya pili imo katika onyesho linalojulikana kuliko yote, pale Hynkel, akiwa peke yake katika chumba kikubwa, anapocheza na tufe la dunia lililo jepesi kama pulizo. Analirusha, analipokea, analikumbatia. Mwishowe linampasukia usoni. Mengi yameandikwa juu ya onyesho hilo, nami sitayarudia. Nakuomba uangalie jambo moja tu: tufe lile halina watu. Kwa macho ya dikteta, dunia ni kitu laini na kitupu cha kuchezea. Hiyo ndiyo siasa yake ya nje kabla ya kuandikwa katika karatasi yoyote.

Sifa ya tatu ni ujuzi wa Chaplin katika kueleza kiburi cha madikteta wanapokutana. Napaloni anakuja kumzuru Hynkel. Wazee wa shauri wa Hynkel wamepanga mgeni akalishwe kiti kifupi ili amtazame mwenyeji wake kutoka chini. Mgeni anakikataa, anakaa juu ya meza. Baadaye wote wawili wamekaa katika viti vya kinyozi, na kila mmoja anakiinua kiti chake kidogo kidogo ili awe juu ya mwenziwe, hata wanakaribia kugonga dari. Kisha wanagombania mkataba: mmoja anataka majeshi yaondolewe kwanza ndipo atie sahihi, na mwingine anataka sahihi kwanza ndipo ayaondoe majeshi. Wanatupiana vyakula, wanakula haradali kali inayowachoma vinywa, na katikati ya machozi ya haradali mapatano yanapatikana.

Je, mambo ya mataifa huendeshwa hivi kweli? Katika serikali ya kawaida, waziri wa mambo ya nje hutafuta faida ya nchi yake, nayo aghalabu hupatikana kwa kusikilizana na wengine. Katika serikali ya chama cha kifashisti mambo ya nje ni jukwaa, na watazamaji ni umati wa nyumbani. Chama kiliahidi utukufu. Mkate umekuwa haba. Basi utukufu hauna budi kuletwa kutoka nje, na kila mwaka uwe mkubwa kuliko wa mwaka uliopita. Kiti hakina budi kuinuliwa. Hapo Chaplin aliona vema, na kwa kicheko alisema jambo ambalo vitabu vingi vizito vimelisema kwa taabu.

Baada ya sifa hizo sina budi kueleza kasoro, nayo si ndogo. Lakini ili uione itakubidi uiweke hadithi kando ya historia.

Ugomvi wa madikteta wawili juu ya Osterlich haukubuniwa na Chaplin. Mwezi wa Julai 1934 wafuasi wa Hitler walimwua Dollfuss, mkuu wa serikali ya Austria. Mussolini, ambaye hakutaka Ujerumani imkaribie, alipeleka majeshi katika mpaka wake na Austria, kwenye njia ya milimani ya Brenner, na Hitler akarudi nyuma. Aprili 1935 Italia, Uingereza na Ufaransa zilikutana Stresa na kutangaza kwamba uhuru wa Austria ni jambo lao. Miaka mitatu haikutimia baada ya mkutano huo, na mwezi wa Machi 1938 Hitler aliingia Austria bila risasi kupigwa, na Mussolini hakuinua hata kidole. Hitler alimpelekea shukrani nyingi kwa ukimya huo. Swali la mwanafunzi wa historia ni hili: ni kitu gani kilichomgeuza mlinzi wa mwaka 1934 akawa mtazamaji wa mwaka 1938?

Chaplin anajibu: ni haradali na majivuno. Historia inajibu: ni Uhabeshi.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Uhabeshi, nchi huru, mwanachama wa Shirikisho la Mataifa tangu mwaka 1923. Mussolini aliwaambia watu wake kwamba analipiza kisasi cha Adwa, mahali ambapo Wahabeshi waliwashinda Waitalia tarehe 1 Machi 1896. Tena kwamba Italia, kama mataifa mengine makubwa, inastahili himaya. Watazamaji wa jukwaa lake walikuwa Roma. Tarehe 18 Desemba 1935 wanawake wa Italia, malkia akiwa mbele yao, walizitoa pete zao za ndoa kuwa sadaka ya vita. Huko vitani ndege zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari na raia, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mapatano ya kuikataza silaha hiyo. Haradali ya sinema huwachoma vinywa madikteta wawili, nasi tukacheka. Haradali ya kweli iliwachoma ngozi na macho watu ambao hawakuwa na mask wala viatu.

Mataifa yalifanya nini? Shirikisho lilitangaza kwamba Italia imevunja sheria, na nchi zipatazo 50 zikaiwekea vikwazo vya biashara. Lakini mafuta hayakuwekewa kikwazo, na bila mafuta magari na ndege za Mussolini zisingekwenda popote. Mfereji wa Suez haukufungwa, na meli za askari wake ziliendelea kupita. Mwezi wa Desemba 1935 mawaziri wawili wa mambo ya nje, Samuel Hoare wa Uingereza na Pierre Laval wa Ufaransa, walipatana kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Uhabeshi ili anyamaze. Siri ilifichuka magazetini, wananchi wa Uingereza wakakasirika, na Hoare akajiuzulu. Lakini fikira iliyoizaa siri ile haikujiuzulu. Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho mjini Geneva. Waandishi wa habari wa Kiitalia walimpigia mbinja hata wakatolewa nje. Aliwaonya wajumbe kwamba jambo lililo mbele yao si la nchi yake peke yake, bali ni la kila taifa dogo linalotegemea ahadi ya mataifa makubwa. Mwezi uliofuata vikwazo viliondolewa.

Sasa unganisha nyuzi. Kwa vita hivyo Italia ilitengana na Uingereza na Ufaransa, ikabaki na rafiki mmoja tu wa kumtegemea, naye ni Hitler. Wakati dunia ilipokuwa ikitazama Uhabeshi, Hitler alipeleka majeshi katika jimbo la Rhineland tarehe 7 Machi 1936, kinyume cha mikataba, na hakuna aliyemzuia. Oktoba 1936 madikteta wawili walipatana, na Septemba 1937 Mussolini alizuru Ujerumani kwa shangwe kubwa, ziara inayodhihakiwa katika sinema yetu. Desemba 1937 Italia ilijitoa katika Shirikisho la Mataifa, kama Ujerumani ilivyokwisha kujitoa mwaka 1933. Austria ilipofikiwa mwaka 1938 mlinzi wake alikuwa amekwisha kununuliwa, na bei ilikuwa nchi ya Kiafrika.

Basi hii ndiyo kasoro ya kwanza ya Dikteta Mkuu. Napaloni amechorwa vizuri kabisa: kidevu chake, kifua chake, majivuno yake. Lakini dikteta huyu hana damu mikononi. Anakuja kwa gari moshi, anakula, anagomba, anakwenda zake. Hapana onyesho hata moja la Afrika, wala nchi ya kubuni inayosimama badala ya Uhabeshi kama Osterlich inavyosimama badala ya Austria. Mtazamaji asiyejua historia ataondoka akidhani kwamba wale wawili walianza maovu yao Ulaya, na kwamba walioumizwa kwanza walikuwa Waaustria. Kicheko kimeangaza meza ya vyakula, na jirani yetu kikamwacha gizani.

Kasoro ya pili inazaliwa na ya kwanza. Katika sinema ulimwengu una madikteta, askari wao, na wanyonge wanaoonewa. Wale wa katikati hawamo. Hayumo Hoare, hayumo Laval, hawamo wajumbe waliokunja mikono Geneva. Nao, kwa maoni yangu, ndio somo kubwa kuliko yote. Mussolini hakuibuni peke yake fikira ya kwamba nchi ya watu weusi yaweza kutolewa zawadi ili watu weupe wasigombane. Fikira hiyo aliikuta mezani. Uingereza na Ufaransa zenyewe zilikuwa zikitawala sehemu kubwa ya Afrika bila kuwauliza Waafrika. Yawezekanaje mtu aliyekaa juu ya shamba la mwingine amhukumu kwa moyo mmoja anayechukua shamba la pili? Siasa za chuki hazishindi kwa nguvu zao tupu. Hushinda pale ambapo watu waungwana, wasiozipenda, wanakubaliana nazo nusu. Mtu mwovu huombwa asimamishwe na mtu mwema, naye mtu mwema, badala ya kumsimamisha, humwuliza bei.

Liko jambo jingine ambalo sinema haikulifikia, nalo ni kwamba njia itokayo ndani kwenda nje ina marejeo. Chuki iliyopelekwa Uhabeshi ilirudi Roma. Februari 1937, baada ya mtu kujaribu kumwua gavana Graziani, maelfu ya watu wa Addis Ababa waliuawa kwa siku chache. Mwaka huohuo serikali ya Italia ilitunga sheria ya kumwadhibu raia wake aishiye na mwanamke wa Kiafrika kama mume na mke. Na mwaka 1938 ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi wa Italia yenyewe, watu waliokuwa raia wa siku nyingi, wengine wao wakiwa wanachama wa chama cha Mussolini. Waliotoa pete zao mwaka 1935, wakidhani wanatoa sadaka kwa vita vya mbali, waliwaona majirani zao wakifukuzwa shuleni na makazini. Anayefuga nyoka ili amwume jirani asishangae akimkuta kitandani.

Kasoro ya tatu imetajwa na wengi, nami siioni kuwa kasoro kamili. Ni ile hotuba ya mwisho, ambapo kinyozi mnyamavu anageuka kuwa mhubiri kwa dakika kadhaa, na hadithi inasimama. Katika chuo nifundishapo ualimu wako wanafunzi waliosema kwamba hotuba hii ni dhaifu kwa kuwa umati ule, uliokuwa tayari kushangilia vita, unashangilia amani kwa urahisi uleule. Nadhani waliona vema, lakini hawakufika mwisho wa njia. Umati unaoshangilia lolote lisemwalo jukwaani ndio hatari yenyewe. Kama Chaplin alikusudia hivyo au hakukusudia, siwezi kumsemea. Lakini mtazamaji mwangalifu hatafurahia shangwe zile bila wasiwasi kidogo moyoni.

Haki yadai tuseme pia neno la kumtetea msanii. Alipoanza matayarisho ya kazi hii Uingereza ilikuwa haijaingia vitani, na ilipoonyeshwa Marekani ilikuwa bado imekaa kando. Iliingia Desemba 1941. Kumdhihaki Hitler waziwazi katika siku zile kulihitaji ushujaa. Tena katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, Chaplin alikiri kwamba kama angalijua ukatili wa kweli uliotendeka katika kambi za Ujerumani asingaliweza kuutengeneza mchezo ule. Ni ungamo la mtu muungwana. Walakini Uhabeshi haimo katika udhuru huo. Mambo ya kambi yalikuwa yamefichwa. Mambo ya Uhabeshi yalisemwa Geneva mbele ya dunia nzima.

Na sisi je? Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani, na mwezi uliofuata majeshi yake yaliyokuwa Uhabeshi yaliichukua Moyale, mji wa mpakani kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliondoka Kenya kwenda kaskazini, na ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Addis Ababa ilichukuliwa tarehe 6 Aprili, na Haile Selassie akarudi katika mji wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu ulipotekwa. Vijana wale walikwenda kumrudishia mwingine uhuru ambao wao wenyewe hawakuwa nao. Kenya ingengoja mpaka tarehe 12 Desemba 1963. Ukisafiri kutoka Nairobi kushuka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, utaona kando ya barabara kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitalia mwaka 1942. Lile ni jiwe la mwisho la njia iliyoanza katika uwanja wa Roma, penye kelele za umati.

Lakini tusiisome historia kama hirizi ya kutaja majina mabaya tu. Si kila chama cha mrengo wa kulia ni cha kifashisti, na anayemwita kila mpinzani wake Hitler atakosa jina siku Hitler wa kweli atakapokuja. Kadhalika si lazima chama kikali kishike dola nzima ndipo kigeuze uhusiano wa mataifa. Kikipata nafasi serikalini chatosha. Chukua Austria hiyohiyo. Februari 2000 chama cha Uhuru cha nchi hiyo, chenye siasa kali za kulia, kilipoingia katika serikali ya mseto, nchi nyingine 14 za Umoja wa Ulaya zilipunguza uhusiano wao wa kiserikali na Austria hata Septemba. Chama hicho kilirudi serikalini mwishoni mwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata Austria, ingawa waziri mkuu alikuwa wa chama kingine, ilitangaza kwamba haitajiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya uhamiaji, yaliyopitishwa Marrakesh mwezi wa Desemba. Mapatano yale hayakuwa hata sheria ya kumfunga mtu. Hapakuwa na risasi, wala gesi, wala mpaka uliovunjwa, nasi tusilinganishe yasiyolingana. Hata hivyo mwendo waweza kuutambua: hofu ya mgeni iliyopandwa nyumbani ilipelekwa kwenye meza ya mataifa.

Basi nakushauri uitazame sinema hii, nawe ucheke pale panapostahili kuchekwa, maana Chaplin alikuwa fundi, na kicheko chake ni halali. Lakini itazame ukiwa na ramani ya Afrika kando yako. Madikteta watakapoinua viti vyao, jiulize nani anayelipa gharama ya viti. Watakapotia sahihi mkataba juu ya nchi ndogo, jiulize ni nchi gani nyingine iliyokwisha kuuzwa kabla mkataba haujaandikwa. Na utakaposikia, katika nchi yoyote na kwa lugha yoyote, kiongozi akiwaambia watu kwamba shida zao zote zimeletwa na kundi fulani la wanyonge wakaao miongoni mwao, usiseme kwamba hayo ni mambo ya ndani yasiyokuhusu. Waliosema hivyo mwaka 1935 hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wasomi wenye kupenda amani, na Uhabeshi iliteketea mbele ya macho yao.